Failasufi Juu ya Hamamu

Katika barua ya 56 miongoni mwa zile 124 alizomwandikia rafiki yake Lucilius, Seneca, mzaliwa wa Hispania na mwalimu wa Kaisari Nero, anaeleza kwamba amepanga juu ya hamamu, na kwamba kila namna ya sauti iwezayo kumfanya mtu ayachukie masikio yake humpandia kutoka chini. Msomaji asiifikirie nyumba tulivu ya kuogea mfano wa ile aliyoijenga Sayyid Barghash mjini Unguja, kwani hamamu ya Kirumi ilikuwa pia kiwanja cha mazoezi na nusu ya soko. Seneca anasikia wenye misuli wakiinua vizito vya risasi na kuguna; anasikia kiganja cha mkandaji kikishuka begani mwa mtu, na kwa mlio wake tu hutambua kama kimeshuka bapa au kimekunjwa; mara mwizi amekamatwa, mara mtu aipendaye sauti yake mwenyewe anaimba majini, mara mwingine kajitupa birikani kwa kishindo. Mnyonyoaji nywele huinadi kazi yake kwa sauti nyembamba, wala hanyamazi ila pale anyonyoapo makwapa ya mteja, ndipo mteja apigapo kelele kwa niaba yake.

Nimeikumbuka barua hiyo kwa sababu nami nina chumba ghorofani, Kariakoo. Chini yangu fundi hukata vyuma; muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe; na mbele ya duka la nguo kipo kipaza sauti kilichotiwa sauti ya kijana, nayo huirudia bei ile ile tangu asubuhi hata magharibi. Kwa muda mrefu nilistaajabu kwamba msumeno wa fundi, ambao mlio wake hutoboa ukuta, siusikii niandikapo, ilhali jirani wa chumba cha pili, akimsihi mdai wake kwa simu ampe muhula, tena kwa sauti ya chini, huisimamisha kalamu yangu nikabaki nikingoja jibu nisiloweza kulisikia. Seneca analo jawabu: sauti ya mtu, asema, huivuta akili, bali kishindo hujaza masikio tu. Akaongeza jambo la pili, ambalo wasomaji wake aghalabu hulipita: mlio unaokatika na kurudi humuudhi kuliko ule udumuo.

Mtu huyu, aliyekufa mwaka 65 kwa amri ya yule aliyekuwa mwanafunzi wake, ameieleza simu ya mkononi barabara. Maana simu imeyakusanya maudhi yote mawili, yaani inasema, na inakatika. Hulia kwa habari ya harusi katika kundi la ukoo, ikanyamaza kiasi cha kumtosha mtu kuirudia kazi yake, kisha ikalia tena kwa sababu shangazi ameitikia Amina, na baada yake wajomba, kila mmoja kwa wakati wake.

Walakini Seneca hakuandika kulalamika. Alikuwa wa madhehebu ya Stoa, ambayo hufundisha kwamba ghasia ya nje haimdhuru mtu maadamu nafsi yake imetulia. Hata usiku, asema, haumwondolei mtu fadhaa, bali huibadilisha tu. Ni kweli, na kila aliyewahi kulala na deni kichwani anaijua. Lakini ni kweli ambayo mwenye kipaza sauti huipenda mno, kwani humwachia jirani kazi yote ya kuwa mtulivu. Mimi nampendea Seneca lile afanyalo mwishoni, ambapo, baada ya kuhutubu kwa urefu juu ya nafsi isiyotikisika, anakiri kwamba kukaa mbali na makelele ni rahisi zaidi, kwamba alitaka tu kujijaribu, na kwamba sasa anahama. Ya nini kuteseka, ikiwa Ulysses, yule shujaa wa hekaya za Kiyunani, aliwapatia wenzake dawa nyepesi hivyo ya kuwakinga na nyimbo za waangamizaji wa baharini? Dawa yenyewe ilikuwa nta ya kuziba masikio. Mawaidha hayakutajwa.

Kuhama, bila shaka, ni dawa ya tajiri, na Seneca alikuwa tajiri mkubwa. Mpangaji wa Kariakoo aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita hana budi kuitafuta nta. Yangu nimeipata kwa muuza nazi wa hapo chini, ambaye kila baada ya sala ya alasiri humpelekea simu yangu, naye huiweka nyuma ya mbuzi yake ya kukunia, nami hupanda kuandika kwa muda wa saa mbili, nikisikia vikombe vya kahawa na msumeno, yaani nisisikie kitu. Juzi alipanda ngazi akihema, mikono ingali na machicha. “Mwalimu,” akasema, “chukua kitu chako. Kimelia mara tisa, na wateja nimewarudishia chenji siyo.”