Bunduki ya bei nafuu ya kuwindia koyoti: tupige hesabu kwanza

Rafiki yangu tuliyesoma naye kidato cha tano na sita anafuga mbuzi Texas. Si shamba kubwa, ni ekari chache alizokodi nje ya mji wa San Angelo, na wateja wake wengi ni sisi sisi: Watanzania, Wakenya, Wasomali, watu ambao sikukuu bila mbuzi haijakamilika. Msimu uliopita wa kuzaa, koyoti walimchukulia vitoto sita. Akaazima bunduki ya jirani, bunduki ya maana kabisa yenye darubini kubwa, akajibanza nyuma ya trekta jioni. Koyoti akatokea umbali wa kama mita 200. Akapiga. Koyoti akaruka, akaondoka kwa miguu mitatu. Alimkuta kesho yake mchana kwenye kichaka, bado anapumua.

Usiku huo alinipigia. "Wewe si ndiyo mtu wa fizikia? Nina dola 900. Ninunue bunduki ya 450, au nisubiri nifikishe 1,500 nichukue kama ya yule mzee?"

Jibu fupi nililompa: chukua ya 450. Jibu refu ndiyo makala hii. Niseme mapema kwamba mimi si mwindaji. Bunduki nimeifyatua JKT tu, na kadi yangu ya shabaha siku ile sitaionyesha mtu. Ila swali lake ni swali la fizikia na takwimu, na huko angalau najiweza.

Kwanza, mnyama mwenyewe. Koyoti ni ndugu wa bweha wetu, ila ni mkubwa kidogo: wengi wana kilo 9 hadi 18. Manyoya ya majira ya baridi humfanya aonekane mnene kuliko alivyo, na hilo huwadanganya wengi. Ukimtazama ubavuni, sehemu yenye moyo na mapafu ni kama duara la sentimita 10, yaani mdomo wa kikombe kikubwa cha uji. Risasi ikiingia humo, anakufa papo hapo au sekunde chache baadaye. Ikipita sentimita chache pembeni, unapata kile rafiki yangu alichokipata kichakani. Kwa hiyo swali la "bunduki gani" ni swali la namna ya kuingiza risasi kwenye kikombe cha uji, kila mara, kwa hela uliyonayo.

Sasa risasi. Madukani utakutana na namba kibao: .22, .223, .22-250, .243, .308. Hizo namba ni takribani kipenyo kwa sehemu ya inchi, lakini kipenyo hakikuambii mengi. Angalia nishati, ambayo ni nusu ya masi mara mraba wa kasi. Risasi ndogo ya .22 LR ina gramu 2.6 na hutoka kwa kama mita 380 kwa sekunde: jouli 190 hivi. Ile ya .223 Remington ina gramu 3.6 tu, lakini hutoka kwa karibu mita 985 kwa sekunde: jouli 1,700 na ushee. Uzito haujafika hata mara moja na nusu, nishati imekuwa mara tisa. Ule mraba wa kasi ndio uliofanya kazi. Kwa koyoti wa mita 200, .22 LR haitoshi. Ya .308, yenye jouli 3,600 hivi, inatosha na kubaki, ila inakupiga bega, risasi zake ni ghali, na ukipiga bunduki inaruka kiasi kwamba huoni risasi imeangukia wapi.

Kwa mtu mwenye bajeti ya rafiki yangu, .223 ndiyo jibu, na sababu kubwa iko sokoni: ni pacha wa risasi ya kijeshi ya 5.56, kwa hiyo inatengenezwa kwa wingi mno na bei yake iko chini. Ile .22-250 ina kasi zaidi, lakini kila ukivuta kifyatulio unalipia, wakati mwingine karibu mara mbili. Ukitaka bunduki moja ya koyoti na kulungu, fikiria .243. Halafu angalizo: pacha si mtu yuleyule. Risasi iliyoandikwa 5.56 usiiweke kwenye bunduki iliyoandikwa .223 pekee, maana shinikizo linaweza kuzidi kiwango chake. Na usiwindie risasi ya kijeshi iliyofunikwa shaba mwili mzima, kwa kuwa inaweza kupenya na kutoka upande wa pili bila kumaliza kazi. Chukua ile ya kuwindia, inayotanuka au kuvunjika ndani.

Kasi inakupa na faida nyingine. Risasi ya .223 hufika mita 200 kwa kama sekunde 0.24. Muda huo, mvutano wa dunia unaivuta chini kama sentimita 28, sawasawa na jiwe lililodondoshwa mkononi kwa muda huohuo. Ya .22 LR inachukua sekunde 0.65 hivi, na inashuka zaidi ya mita 2! Ndiyo maana .223 ukiirekebisha darubini igonge katikati kwenye mita 200, kwenye mita 100 inagonga juu kwa kama sentimita 4 tu, bado ndani ya kikombe. Kutoka mlangoni hadi mita 200 huna haja ya kuwaza juu wala chini.

Unachobaki nacho ni upepo, na huyu ndiye adui. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni unaisukuma risasi hiyo kama sentimita 13 kwenye mita 200. Umelenga katikati ya mapafu, umepiga tumbo au bega. Magharibi mwa Texas upepo wa namna hiyo ni jambo la kila siku. Nilimuuliza rafiki yangu jioni ile kulikuwa na upepo? Akanyamaza kidogo. "Kofia ilikuwa inataka kuruka."

Haya, bunduki yenyewe. Kwa nini ya dola 450 inaweza kulenga vizuri? Kwa sababu sehemu iliyokuwa ikihitaji fundi mwenye miaka thelathini kazini sasa inafanywa na mashine. Mtutu hufuliwa na mashine ya nyundo kuzunguka chuma kigumu chenye umbo la mifuo, au chuma kama kitufe hupitishwa ndani yake na kuacha mifuo. Savage Axis na Ruger American, kwa mfano, mtutu umefungwa kwa nati, na nati hiyo inarahisisha kupima nafasi ya risasi bila kuchonga chuma kidogo kidogo kwa mkono. Kitako ni cha plastiki: kibaya machoni, ila hakivimbi kwa unyevu kama mbao. Unachokosa kwa bei hiyo ni ulaini wa bolti, urembo, na ugumu wa kitako.

Hilo la kitako lipime dukani. Chukua noti, ipitishe kati ya mtutu na plastiki kutoka mbele kwenda nyuma. Ipite bila kukwama. Kisha egemeza bunduki kama unavyoegemeza ukipiga, ukandamize kidogo, urudie. Noti ikikwama, kitako kinapinda na kuusukuma mtutu, na risasi zitahama kila ukibadilisha mkao. Jaribu kifyatulio pia, ukishahakikisha bunduki ni tupu na muuzaji ameruhusu. Bunduki hizi zina uzito wa kama kilo 3. Kifyatulio kikitaka uvute kilo 3 nyingine, utaisogeza bunduki kabla risasi haijatoka. Kilo moja na nusu mpaka mbili inatosha. (Na iliyotumika? Inawezekana, lakini mtumba wa bunduki si mtumba wa koti. Kama huna mtu wa kukuangalizia ndani ya mtutu, achana nayo.)

Tufike kwenye hesabu niliyomfanyia, maana ndiyo iliyomshawishi.

Tuseme bunduki ya bei nafuu, ikifungwa mahali pasipotikisika, inatawanya risasi kumi kwenye sentimita 8.7 kwa mita 200. Ya dola 1,500 tuipe nusu yake. Tuseme na mpigaji, akiwa amekaa chini na bunduki iko juu ya fimbo za kuegeshea, ana mtawanyiko wake mwenyewe wa sentimita 15 hivi, kiwango cha mtu anayejifunza. Makosa haya mawili hayajumlishwi moja kwa moja. Unajumlisha miraba yake halafu unatafuta kipeo, kama Pythagoras. Na kipeo kina upendeleo: kosa kubwa linalimeza dogo.

Matokeo, upepo nikiwa nimeuweka kando: kwa bunduki ya bei nafuu, risasi zinazoingia kwenye kikombe cha uji kwa mita 200 ni 44 kati ya 100. Kwa ile ya bei mbaya ni 51. Dola elfu moja na ushee zimekununulia risasi saba! Sasa mrudishe mpigaji huyohuyo na bunduki ya bei nafuu, ila afanye mazoezi mpaka mtawanyiko wake upungue nusu: 74 kati ya 100. Au asifanye mazoezi kabisa, asogee tu mpaka mita 100: 90 kati ya 100. Bure.

Namba hizi zinatokana na makadirio yangu. Weka zako uone. Ila mpangilio wake ni mgumu kuubadilisha. Umbali kwanza, mazoezi pili, bei ya bunduki mwisho. Na umbali kwa koyoti unaweza kuupanga, kwa sababu wawindaji wengi huwaita kwa kifaa kinachotoa mlio wa sungura aliyeumia. Koyoti hupenda kuzunguka upande ambao upepo unaenda ili anuse kwanza, kwa hiyo kaa mahali ambapo upande huo unauona.

Jambo jingine la takwimu: usiamini picha za matundu matatu yaliyogusana. Risasi tatu ni sampuli ndogo mno. Bunduki hiyohiyo, siku hiyohiyo, ikipiga kumi, mtawanyiko wake kwa wastani unakuwa kama mara 1.6 ya ule wa tatu. Si kwamba imeharibika. Tatu zilikuwa hazijakuonyesha kila kitu. Muuzaji akikuambia bunduki yake inapiga "inchi moja", muulize risasi ngapi.

Kwa hiyo dola 900 tulizigawa hivi: 450 bunduki, 200 darubini na vishikizo vyake, na zilizobaki risasi za mazoezi na fimbo tatu za kuegeshea. Kwenye darubini usibane sana, maana ya bei ya kutupa hupoteza shabaha. Ipime hivi: piga moja, zungusha virekebishi juu, piga, kulia, piga, chini, piga, kushoto. Risasi ya mwisho irudi kwenye tundu la kwanza. Isiporudi, irudishe dukani.

Kuna mambo nisiyoweza kuyaacha. Risasi ya .223 iliyokosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, kwa hiyo usipige koyoti aliyesimama juu ya kilima na nyuma yake ni anga tu. Hakikisha pia ni koyoti. North Carolina mbwa mwitu wekundu, ambao wamebaki wachache sana, wameuawa na watu waliodhani ni koyoti, mpaka mwaka 2014 mahakama ikazuia uwindaji wa koyoti katika eneo lao. Na kama uko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki bunduki na risasi isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Uliza mwanasheria kabla ya kuingia dukani. Rafiki yangu ana grini kadi. Wewe msomaji wa Nanyuki, usinitafutie kesi: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Nilimwambia pia kwamba bunduki peke yake haitamlindia mbuzi. Koyoti wakipunguzwa, waliobaki huzaa zaidi na wengine huhamia kwenye nafasi iliyoachwa. Uzio mzuri, zizi la usiku wakati wa kuzaa na mbwa wa kulinda mifugo vinafanya kazi hata akiwa amelala. Mbwa ameshapata wawili.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya kadi yake ya kwanza ya risasi kumi: mita 100, amekaa chini, fimbo tatu, duara la sentimita 10. Tisa zimo, moja iko nje kwa upana wa kidole. Akaandika kwamba ile alivuta vibaya, na anauliza kama inaruhusiwa kuitoa kwenye hesabu. Nimemwambia hapana, ihesabu.