Hajiamini, au hana neno la kusema?

KATIKA kata ya Ivuna, wilayani Momba mkoani Songwe, wapo watoto wanaolelewa kwa lugha ya kabila, kisha wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Aliyezoea kunyoosha mkono, sasa anainamisha kichwa.

Nyumbani mtoto mwenye haya husifiwa kwa adabu. Darasani haya hiyo hiyo huonekana kama hajui kitu. Mtoto huyu anahitaji maneno ya kueleza hali yake.

“Shy” ni mwenye haya. Hiyo ni tabia. “Nervous” ni mwenye wasiwasi, kama kabla ya mtihani. Huja na kupita. “Insecure” huchanganya wengi, kwa kuwa hutumika pia kwa mahali pasipo na usalama. Kwa mtu, ni yule asiyejiamini, anayejiona hafai mbele ya wenzake. Na “I am not sure”, yaani sina uhakika, humwezesha kujibu bila kuogopa kukosea.

Mzazi, huhitaji kujua Kiingereza ili umsaidie. Jioni mwombe mwanao akufundishe maneno matatu. Ukikosea kuyatamka, cheka naye, kisha rudia. Akiona mama au baba anakosea na haaibiki, naye atathubutu.

Na akinyamaza darasani, usimwite mzito wa kichwa. Muulize kwanza: unaogopa, au hujaelewa? Majibu hayo mawili hayana dawa moja.