Shilingi ya Barabara na Shilingi ya Mfanya Kazi

Kila mwaka, mwezi wa Juni, watu wengi wa Kenya hukaa karibu na redio wapate kumsikia Waziri wa Fedha akisoma Bajeti. Wengi husikiliza kwa ajili ya jambo moja tu: je, bei ya vitu itapanda? Hiyo ni haki yao. Lakini liko swali lililo kubwa zaidi. Ni nani aamuaye kiasi gani cha fedha kitumike kwa barabara, na kiasi gani kwa faida ya watu wa kazi? Tena, mjumbe akiona kwamba mgawanyo huo haufai, aweza kufanya nini?

Yafaa kwanza ifahamike kwamba fedha hizo si mali ya Waziri. Ni kodi za watu, pamoja na mikopo ambayo watu hao hao watailipa. Kila wizara huandikiwa fungu lake katika kitabu cha makadirio, na mafungu hayo hupelekwa Bungeni yachunguzwe. Kazi ya mjumbe ni kuuliza kila fungu lina faida gani, na kwa nani.

Swali la mfanya kazi si geni katika nchi hii. Mwaka 1954 halmashauri iliyoongozwa na Bw. Carpenter ilichunguza ujira wa Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na karibu robo ya wale wa Serikali, walipata ujira usiotosha mahitaji ya lazima ya mwanadamu. Sababu moja ni kwamba kima cha chini kilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume aliye peke yake, kana kwamba hana mke wala mtoto. Halmashauri ikashauri kiongezwe hatua kwa hatua mpaka kitoshe mtu mwenye jamaa.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kwa kura kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mmoja wao alikuwa Bw. Tom Mboya wa Nairobi, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi. Basi mtu aliyezoea kudai ujira mbele ya waajiri akaingia mahali ambapo fedha za Serikali zenyewe hujadiliwa.

Labda msomaji atauliza: ujira na barabara vina uhusiano gani? Na tumfikirie kibarua akaaye Makadara au Kaloleni, afanyaye kazi katika eneo la viwanda. Nauli ikipanda siku ya mvua, ujira wake umepungua, ingawa mwajiri hakumkata hata senti moja. Akikosa nauli huenda kwa miguu kandokando ya barabara isiyo na njia ya watu, naye huhatarisha maisha yake. Halikadhalika mkulima wa kijijini: njia ikiwa matope, lori haliji, na mboga zake huozea shambani. Kwa hiyo fungu la barabara ni sehemu ya ujira wa maskini, ikiwa barabara hiyo ni ile aitumiayo.

Hapo ndipo mjumbe apaswapo kuuliza kwa makini. Mwaka 2022 ilifunguliwa Nairobi barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Wenye motokaa hulipa ada wapate kupita, na aendaye kwa miguu haruhusiwi kuitumia. Haina maana kwamba barabara kubwa hazina faida, kwa kuwa mizigo na wasafiri hufika upesi. Lakini mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera yenye kusudi la kutenga asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na usafiri wa watu wote. Mjumbe ana haki ya kuuliza: sehemu hiyo ya tano imeandikwa ukurasa gani wa makadirio?

Sasa tutazame uwezo wake. Chini ya Katiba ya zamani, Bunge halikuweza kuongeza matumizi ila Serikali yenyewe ikubali. Mjumbe aliweza kusema sana, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa Waziri. Katika nchi jirani ya Tanzania iko desturi iitwayo “kushika shilingi”: mbunge asiyeridhika hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja ya mshahara wa Waziri, si kwa kuitamani shilingi hiyo, bali Waziri alazimike kusimama na kueleza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilileta mabadiliko makubwa. Makadirio hupelekwa Bungeni miezi miwili au zaidi kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni, yaani kabla mwezi wa Aprili haujapita. Bunge laweza kuyabadili, lakini kwa sharti: atakaye kuongeza fungu moja lazima aonyeshe fungu lipi litapunguzwa. Basi haitoshi mjumbe kupiga kelele kwamba wafanya kazi wamesahauliwa. Ni lazima aseme pia fedha zitoke wapi.

Katiba hiyo hiyo yaiagiza kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Mtu angojaye hotuba ya Juni amechelewa, maana mambo mengi yamekwisha kukatwa. Afadhali chama cha wafanya kazi, kikundi cha akina mama wa soko, au wazee wa kata wakutane mapema, waandike mahitaji yao waziwazi, na kumpelekea mjumbe wao. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la nchi ni makadirio, na kulisoma ni kazi yetu sote.