Mbona Daftari la Mtoto ni Jeupe?

Akina mama wengi tunafanana katika jambo moja. Mtoto akirudi kutoka darasa la awali, kabla hata hajavua viatu, tunafungua mkoba wake na kukagua daftari. Tukikuta kurasa tatu zimejaa herufi "a" na alama za vema za kalamu nyekundu, moyo unatulia: ada haikupotea. Tukikuta ukurasa mtupu tunamwuliza, "Leo mmefanya nini?" Naye anajibu, "Tumecheza." Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Walimu na masista wanaofundisha watoto wadogo wameyazoea maneno hayo. "Sista, mbona daftari la Anna ni jeupe? Mtoto wa jirani yangu wa umri ule ule anaandika jina lake." Sista hujibu kwa upole, "Mama Anna, karibu uingie darasani uone." Lakini mama ana biashara sokoni, au anawahi ofisini, anaondoka na dukuduku lake. Muhula unaofuata Anna anahamishiwa shule yenye sifa ya kujaza madaftari, na jioni anatafutiwa mwalimu wa tuisheni. Ana miaka mitano.

Makala hii ni kwa ajili ya mama huyo. Hebu tumwingize darasani, tuone hicho kinachoitwa kucheza.

Asubuhi katika darasa la awali

Tuchukue shule ya msingi ya Kikatoliki, mfano wa zile nyingi zinazoendeshwa na maparokia na mashirika ya masista hapa Tanzania. Watoto wanaanza siku kwa sala. Mwalimu anasimama mbele yao na kufanya ishara ya msalaba polepole: mkono wa kulia, paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Wapo wanaoanza na bega la kulia, wapo wanaotumia mkono wa kushoto. Hakuna anayegombezwa, wanarudia. Mama mcha Mungu ataona hiyo ni sala, na ni kweli ni sala. Lakini mtoto amejifunza pia kushoto na kulia, na kufuata mambo kwa mpangilio. Baadaye atahitaji kujua hayo ili asichanganye herufi b na d, na ili asome mstari kutoka kushoto kwenda kulia.

Baada ya sala wanataja siku. Katika Kiswahili hili nalo ni somo la hesabu, maana siku zetu zinahesabika: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mpaka Jumatano. Yuko mtoto mwerevu atakayeuliza kwa nini Jumapili ni ya pili ilhali katekista anasema ndiyo siku ya kwanza ya juma. Jibu ni kwamba majina haya yalihesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa, siku ya sala ya jirani zetu Waislamu. Mtoto anayeuliza swali kama hilo amejifunza zaidi ya yule aliyejaza ukurasa.

Kisha watoto wanakwenda kwenye kona za kujifunzia. Katika kona moja wanamimina mchele kutoka jagi moja kwenda jingine bila kumwaga. Nyingine ina vipande vya nguo vilivyoshonewa vifungo na zipu, wanafunga na kufungua. Wengine wanafinyanga udongo wa mfinyanzi, na wawili wamekaa mkekani wakitenganisha maharage na choroko. Ukichungulia dirishani utasema, haya si angeyafanya nyumbani bure?

Kwa nini vidole kwanza

Njia hii ya kufundisha ina historia, na historia hiyo inamhusu mwanamke. Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870. Alisomea udaktari Roma na kuhitimu mwaka 1896, wakati ambapo wanawake madaktari nchini kwake walikuwa wachache mno. Tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Tokeo la Bwana, alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini mjini Roma. Wazazi walikuwa wakienda kazini, watoto wakibaki kuzurura na kuchafua kuta za majengo. Montessori hakuwapa madaftari. Aliwapa vitu vya kushika, kupanga, kumimina, kufunga na kufungua, naye akakaa akiwaangalia. Aliona kwamba mtoto akipewa kazi inayolingana na umri wake hutulia nayo kwa muda mrefu bila kulazimishwa. Aliona pia kwamba watoto ambao vidole vyao vimezoea kazi hizo walianza kuandika karibu kwa ghafla, kwa furaha, bila kupitia mateso ya kunakili mistari.

Leo hapa Tanzania yapo mashirika ya masista yanayoendesha vyuo vya kufundisha walimu wa Montessori, na wahitimu wake utawakuta katika shule nyingi za Kanisa. Hata shule zisizofuata njia hiyo moja kwa moja zimechukua mengi kutoka kwake.

Sababu yenyewe ni rahisi. Kuandika ni kazi ya misuli midogo ya vidole na kiwiko cha mkono, pamoja na jicho. Mtoto wa miaka minne au mitano misuli hiyo haijakomaa. Ukimlazimisha, anaikaba penseli kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inachanika, na baada ya mstari mmoja mkono unauma. Mama anaona uvivu. Mkono ule umezoea kushika penseli vibaya, na mazoea hayo ni kazi kubwa kuyaondoa akifika darasa la tatu.

Herufi za msasa na kokoto

Kusoma nako kunaanzia kwenye vidole. Mwalimu anakata herufi kutoka karatasi ya msasa na kuibandika kwenye ubao mdogo. Mtoto anaipapasa kwa vidole viwili akifuata njia ya kuiandika, huku akitamka sauti yake. Herufi m anaitamka "mmm" kwa midomo iliyofungwa, si "em" wala "ma". Wazazi wengi tulikariri majina ya herufi kama wimbo, na ndivyo tunavyowafundisha watoto nyumbani. Matokeo yake mtoto anapanga "em-a-em-a" na haoni vipi hilo linakuwa "mama". Akijua sauti, "mmm" na "a" vinaungana vyenyewe.

Hapa Mungu ametujalia lugha nzuri. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishajua irabu tano na jinsi ya kuziunganisha na konsonanti, ba be bi bo bu, anaweza kusoma karibu neno lolote hata lile asilolijua maana. Vigumu vimebaki vichache: ny, ch, sh, dh, th, gh, na ile ng' yenye kialama chake inayotenganisha ng'ombe na ngoma. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza nchini mwaka 2015 ulipunguza masomo na kuweka mkazo kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile K tatu tulizozisikia sana redioni.

Na sasa niguse kidonda. Shule nyingi za msingi za Kanisa zinafundisha kwa Kiingereza, na wazazi wengi ndicho tunacholipia. Sina ugomvi na Kiingereza. Lakini mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha asiyoisema bado ana mizigo miwili kichwani: kuunganisha sauti, na kutafuta maana. Mama anayeacha Kiswahili nyumbani na kuongea na mtoto Kiingereza cha kubahatisha anamwongezea mzigo wa tatu. Mhadithie kwa lugha unayoimudu, iwe Kiswahili, Kichaga au Kihaya. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja hupata pa kuyapachika maneno ya lugha ya pili. Na kama shuleni kwake mtoto huvalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, mzazi ana haki ya kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu. Hiyo si elimu, ni aibu anayovikwa mtoto mdogo kwa sababu ya lugha ya mama yake.

Hesabu hufuata mwendo ule ule: kushika kwanza, kuandika baadaye. Vizibo vya soda, vijiti, mbegu za ukwaju, kokoto zilizooshwa. Vijiti vikifika kumi vinafungwa kwa uzi na kuwa fungu moja. Fungu moja na kijiti kimoja ni kumi na moja, na Kiswahili kinasema hivyo hivyo, kumi na moja, hakifichi kitu. Mtoto anakwama akifika ishirini, thelathini na arobaini, majina yaliyotoka Kiarabu, ambayo hayafanani na mbili, tatu wala nne. Hayo hana budi kuyakariri. Walimu wengine wanatumia rozari: makumi matano, kila kumi limetengwa na punje ya Baba Yetu. Mwezi wa Oktoba mtoto anayesali na mama yake anahesabu makumi kwa vidole bila kujua kwamba yuko kwenye hesabu.

Dini si kukariri tu

Katika somo la dini pia kuna vitu vya kushika. Mwaka 1954 huko Roma Sofia Cavalletti, mtaalamu wa Biblia, na Gianna Gobbi, mwalimu wa Montessori, walianza kuwafundisha watoto wadogo katekesi kwa njia hii. Mfano wa Mchungaji Mwema hausomwi tu. Kuna zizi dogo la mbao, mchungaji na kondoo wake, na mtoto anawaongoza kondoo mwenyewe kutoka na kuingia. Katika shule zetu si lazima viwe vya kununua, seremala wa parokia anaweza kuvichonga kwa mabaki ya mbao.

Watoto wanapaka rangi za mwaka wa Kanisa: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Noeli na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste na ya mashahidi, kijani ya kipindi cha kawaida. Jumapili mtoto wako akikuvuta kitenge kanisani na kunong'ona, "Mama, leo padre kavaa kijani," usimnyamazishe kwa kumfinya. Tarehe 3 Juni wanasimuliwa Mashahidi wa Uganda, na hapo Kizito, aliyekuwa kijana wa miaka ipatayo kumi na minne, huwagusa kuliko wote kwa kuwa alikuwa mdogo.

Si kila mchezo ni somo

Hata hivyo, wasiwasi wa Mama Anna si wa kijinga. Zipo shule ambako neno "mchezo" limekuwa kisingizio. Watoto sitini wanaachwa uwanjani mpaka saa nne, mwalimu mmoja yuko kwenye simu yake, halafu uji, halafu nyumbani. Utatofautishaje? Ingia darasani. Je, vifaa viko mahali ambapo mtoto anavifikia, au vimefungiwa kabatini na kutolewa siku ya wageni? Je, mwalimu anaweza kukuambia wiki hii Anna anajitahidi na nini na anashindwa nini, au anasema tu "anaendelea vizuri"? Je, mtoto akimaliza kazi anarudisha kifaa mahali pake? Katika darasa linalofundisha, mchezo una mwanzo, mwisho na utaratibu, na mwalimu anaangalia na kuandika anachokiona.

Tazama pia kama kuna fimbo mezani. Mtoto wa miaka mitano anayechapwa kwa kukosea herufi hajifunzi herufi, anajifunza kuficha daftari.

Nyumbani

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu elimu la mwaka 1965, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Kwa mtoto wa awali wala huhitaji kununua kitu. Mpe sinia la mchele achambue mawe pamoja nawe. Mwache afunge vifungo vya shati lake mwenyewe hata kama mnachelewa. Mwamshe dakika kumi mapema. Akunje leso na kanga ndogo, agawe vijiko mezani akihesabu watu waliopo, akamuwe nguo zake ndogo anapooga. Baba naye amsomee Injili ya Jumapili kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

Penseli yake ichongwe kwa kichongeo, si kwa wembe. Na kama anashika kijiko na penseli kwa mkono wa kushoto, mwache. Bibi atasema si adabu, na kwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa unaweza kumfundisha kutumia mkono wa kulia au yote miwili. Lakini mkono wa kuandikia ndivyo alivyoumbwa. Mwambie mwalimu mapema, ili amkalishe upande wa kushoto wa dawati asigongane kiwiko na mwenzake.

Akisogeza kitabu puani, akikodoa macho kutazama ubao, au akiitwa kwa nyuma asisikie, mpeleke hospitali akapimwe macho na masikio kabla ya kumtafutia tuisheni. Mwambie na mwalimu majibu ya vipimo, amhamishie dawati la mbele.