Kutoka Kengeja hadi Mnazi Mmoja: Ngazi za Matibabu na Haki ya Mgonjwa

Mtoto anapopandwa na homa usiku katika nyumba ya Kengeja, swali la mwanzo ni hili: tumpeleke wapi? Wapo wanaokipita kituo cha afya cha karibu na kukodi gari hadi Mkoani au Chake Chake, wakiamini kuwa hospitali kubwa ndiyo yenye dawa. Wapo wanaongoja nyumbani kwa kuhofia gharama. Wa kwanza hupoteza fedha; wa pili huenda wakampoteza mgonjwa. Tumeandika makala haya ili kila mtumiaji aujue mlango wa kubisha.

Nani anayelipa?

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, ambayo huziendesha hospitali za umma za Unguja na Pemba kwa fedha za Serikali na misaada ya washirika. Msingi wa matibabu bila malipo uliwekwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Hata hivyo, neno “bure” lisikupotoshe. Dawa unayopewa imekwisha kulipiwa, na sehemu ya fedha hizo ni kodi unayotoa kila ununuapo bidhaa dukani. Kwa hiyo, uingiapo kituoni huingii kuomba hisani. Unafuata haki yako.

Sheria ya mwaka 2023 iliongeza chombo kingine, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza na watumishi wa umma. Mwanachama huchangia akiwa mzima, na Mfuko humlipia akiugua. Mwenye uanachama aende na kitambulisho chake.

Ngazi zilivyopangwa

Ngazi ya chini ni kituo cha afya. Hapo hutolewa chanjo, huduma za wajawazito, kipimo cha malaria na tiba ya maradhi ya kawaida. Juu yake zipo hospitali za wilaya, zinazolaza wagonjwa. Kwa Kusini Pemba, hospitali kubwa ni ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani, ambayo ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Ngazi ya juu kabisa ni Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako kwa mtu wa Kengeja ni safari ya kuvuka bahari.

Kinachoziunganisha ngazi hizi ni barua ya rufaa. Barua hiyo humweleza daktari wa juu maradhi yaliyoonekana na dawa zilizokwisha kutumika, nawe ukaepuka kuanza upya. Lakini mgonjwa aliyezimia, anayetoka damu nyingi, mwenye degedege au mzazi mwenye uchungu uliokwama asicheleweshwe kwa ajili ya karatasi. Apelekwe mara moja panapoweza kumsaidia.

Tahadhari kwa anayevuka kwenda Tanga au Dar es Salaam: hospitali za umma za Tanzania Bara zina utaratibu wake, na mgonjwa asiye na bima huchangia gharama. Uliza kabla ya kupanda chombo.

Tunakushauri

Ukitakiwa kutoa fedha katika kituo cha umma, uliza kwa upole ni malipo ya nini, kisha udai risiti. Malipo yasiyo na risiti yana walakini.

Dawa ikikosekana, omba cheti kilichoandikwa jina la dawa na kipimo chake. Nunua katika duka lenye leseni, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na usikubali kubadilishiwa dawa bila ya kurudi kwa aliyekuandikia.

Hifadhi vyeti, majibu ya vipimo na kadi ya kliniki mahali pamoja.

Ukiwa na malalamiko, anza kwa dhamana wa kituo. Usiporidhika, nenda ofisi ya afya ya wilaya, kisha kwa Afisa Mdhamini wa Wizara ya Afya, Pemba. Eleza siku, saa na jambo lililotokea, na uambatanishe risiti ikiwa unayo. Nasi tupo kukusikiliza.

Kuuliza si utovu wa adabu. Kituo kinachoulizwa na watu wake hujua kuwa kinaangaliwa, na anayenufaika ni mgonjwa atakayekuja kesho.