Je, Wajua? Kuvu, Panya na Vidonge vya Kunenepa

Je, wajua kwamba Bactrim, dawa ambayo watu wenye SIDA hupewa vituoni ili kukinga mapafu, ilijaribiwa kwanza kwa panya kwa kazi hiyo? Panya wa maabara huweza kubeba mapafuni kuvu iitwayo Pneumosistisi bila kuumwa. Wakipewa kotizoni kwa majuma kadhaa, kinga yao hulegea, kuvu huzagaa, nao hukata pumzi. Mwaka 1974, Daktari Walter Hughes wa hospitali ya St. Jude, Memphis, Marekani, alionyesha kuwa panya wa namna hiyo wakipewa Bactrim hawapati nimonia. Mwaka 1977 ikathibitika kwa watoto wenye saratani. SIDA ilipotambuliwa mwaka 1981, dawa ya kukinga nimonia hiyo ilikuwa imeshapatikana.

Je, wajua kwamba mdudu huyo alihesabiwa kwa miongo kadhaa kuwa si kuvu? Jeni zake ndizo zilizomuumbua, mwaka 1988. Halafu Pneumosistisi ya panya haimpati mtu. Mtu ana ya kwake.

Sasa hiyo kotizoni. Je, wajua kwamba ni ya ukoo mmoja na deksametazoni, vidonge ambavyo wengi Kongo hununua ili wanenepe, bila karatasi ya daktari? Anayevimeza miezi na miezi anajifanyia mwenyewe kile ambacho maabara humfanyia panya kwa makusudi. Mashavu yanajaa, kinga inapungua. Hata hospitalini, jaribio la kuwapa deksametazoni watu wenye SIDA na homa ya uti wa mgongo ya kuvu, lililohusisha Uganda na Malawi, lilisimamishwa kwa sababu dawa iliwadhuru. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Kuvu ya homa hiyo ni Kriptokokasi. Hustawi kwenye mavi ya njiwa, ila njiwa mwenyewe huugua kwa nadra: mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na kuvu hii haipendi moto. Sungura naye ana joto kuliko mtu, kwa hiyo mwaka 1980 mtafiti John Perfect na wenzake, Marekani, walilazimika kumpa kotizoni kwanza ndipo augue muda mrefu.

Je, wajua kwamba mwaka 1983 madaktari Wabelgiji waliandika katika jarida la Lancet habari za mwanamke wa Zaire aliyeugua Kriptokokasi mwaka 1977, wakisema ile ilikuwa SIDA? Kuvu ilitangulia kutoa taarifa.

Na wanyama wa maabara wamewafaa wagonjwa wa Kriptokokasi. Majaribio ya panya na sungura yalionyesha kwamba amfoterisini B, dawa ya kuvu, ikifungwa katika mafuta hudumu mwilini. Basi watafiti wakajaribu dozi yake moja kubwa, pamoja na dawa nyingine mbili za vidonge, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Baada ya majuma 10 walikuwa wamekufa asilimia 24.8 ya wagonjwa, dhidi ya 28.7 kwa matibabu ya zamani ya siku saba za sindano. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2022.

Je, wajua kwamba kuna kuvu yenye jina la Mbelgiji Albert Dubois, iliyoelezwa mwaka 1952 kutokana na mgonjwa wa Kongo? Hiyo haisubiri kinga ishuke, na nyani huipata bila kuchomwa sindano na yeyote.

Siku hizi maabara nyingi huanza majaribio ya kuvu na kiwavi wa nondo wa mizinga ya nyuki. Ni rahisi, na anastahimili nyuzi 37, joto la mtu. Chembe za damu yake humeza kuvu kama chembe zetu nyeupe. Sisi wa Pangi, Kongo, viwavi tunawajua zaidi kwa upande wa sufuria.