Kabla ya Kununua Nyumba Katika Kinu cha Zamani

Katika miji mingi duniani, vinu na maghala ya zamani hugeuzwa kuwa nyumba za kuishi, kila nyumba ikiuzwa kwa mwenyewe. Mnunuzi huvutiwa na kuta nene na madirisha makubwa. Lakini uimara wa jengo haujulikani kwa macho pekee. Ni lazima historia yake ichunguzwe.

Kinu cha unga cha Washburn A, mjini Minneapolis nchini Marekani, ni mfano mzuri. Kilijengwa mwaka 1874 kando ya mto Mississippi, na nguvu ya maji ndiyo iliyoendesha mitambo. Jioni ya tarehe 2 Mei 1878 kililipuka na watu 18 wakafariki. Unga mkavu ukitanda hewani huwaka kwa kasi, na cheche kutoka kwa mawe ya kusagia zilitosha kuuwasha. Vinu kadhaa vya jirani viliharibiwa pia.

Kinu kipya kilianza kazi mwaka 1880, kikiwa na mitambo ya kunasa vumbi. Kilifungwa mwaka 1965. Mwaka 1991, moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo hilo likiwa halitumiki. Kuta zilizosalia ziliimarishwa, na mwaka 2003 jumba la makumbusho likafunguliwa ndani yake. Jengo jingine la kinu hicho liligeuzwa kuwa nyumba za kuuzwa.

Hivyo basi, jengo moja laweza kuwa limelipuka, likajengwa upya na kuungua tena. Mhandisi asiyejua hayo hawezi kujua ni ukuta upi wa kutegemewa.

Hapa Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye jengo kupata idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kubadilisha matumizi yake. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020 humwezesha mnunuzi kupata hati ya nyumba yake, huku paa, ngazi na kuta za nje zikibaki mali ya wote. Ufa katika ukuta huo ni gharama ya kila mmoja.

Wananchi mnahimizwa kuomba kuona idhini ya kaunti, ramani za ujenzi na ripoti ya mhandisi kabla ya kulipa. Afisa wa mipango wa kaunti atakuelekeza.